Warithi Hupiga Simu Jumapili

Kila Jumapili, ibada ya pili ikishatoka, Ambilikile alipiga simu nyumbani kwa bibi yake, na kufa kwake mwenyewe hakukumzuia hata mara moja.

Simu iliwekwa mezani sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, ikaegemezwa kwenye bakuli la sukari ili sauti isikike vizuri. Bibi Sekela alivua kilemba cha kanisani, akajifunga cha nyumbani, akakaa kwenye kiti chake cha mbao, magoti yakigusa meza. Binti yake Atuganile, Mbunge wa Itete, alisimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, maana kule nyanda za juu ukungu hauna habari na mchana.

"Shikamoo bibi," ilisema simu.

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo bibi, namshukuru Mungu. Miguu inasumbua bado?"

"Kidogo. Baridi hii."

"Pole sana bibi. Ujitahidi kuvaa soksi. Viazi mmeshavuna?"

"Tumevuna. Mwaka huu vimekubali."

"Hongera sana bibi. Na mama yupo?"

Atuganile aliitika kutoka mlangoni. "Nipo, baba."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula vizuri, mama. Huku hali ni shwari. Msiwe na wasiwasi."

Sauti ilikuwa yake kabisa, hata ule mkwaruzo mdogo mwishoni aliokuwa nao tangu alipobalehe. Mama yeyote angeapa mahakamani kwamba huyo ni mwanawe. Atuganile asingeapa, kwa sababu alikuwa ameapa tayari kwingine.

Alijua tangu siku Kamati ya Ulinzi ilipopelekwa kwenye ghala la jeshi. Walikula kiapo mlangoni kwamba watakayoyaona humo watakufa nayo, wakaingia, wakaonyeshwa mashine za miguu miwili zimepangwa ukutani. Ofisa mmoja kijana, mchangamfu, akawaeleza. Kila askari wa Shirikisho anayevuka bahari huvalishwa kofia inayomsoma: anavyolenga, anavyokimbia, anavyoogopa, anavyocheka. Kofia ikishamsoma vya kutosha, askari akianguka, yaliyosomwa huhamishiwa kwenye mashine, na mashine inaendelea pale alipoishia. Wataalamu waliiita mrithi. Kisha sheria ikatungwa haraka haraka: maadamu mrithi anafanya kazi, askari hajafa, yuko kazini. Ndiyo maana kila mwaka Serikali ilisimama bungeni na kusema kifua mbele kwamba Shirikisho halijapoteza askari hata mmoja katika vita vya Kaskazini, na kisheria haikuwa imedanganya.

Kuwafurahisha wageni, yule ofisa aliwasha mashine moja iliyoletwa kutengenezwa. Ikapiga hatua chache, bega la kushoto limelala, kama mtu aliyezoea tangu utotoni kubeba mikungu ya ndizi upande mmoja. Kisha ikacheka kicheko cha Ambilikile; kifuani ilibandikwa tarehe ya kuanguka kwa askari wake. Wabunge wenzake walipiga makofi, na Atuganile naye akapiga, maana mikono yake ilikuwa bado haijapata habari.

Tangu siku hiyo alivichukia vile vita kwa chuki ambayo hakuweza kuieleza. Aliwahi kupeleka hoja bungeni kwamba Shirikisho lijitoe, ikaangushwa. Alipeleka nyingine, ikaangushwa vilevile. Kila mara aliulizwa swali moja tu, tena kwa kejeli: nani amekufa? Na kila mara aliketi chini na jibu lake kifuani. Hoja ya tatu ilikuwa Jumanne hii.

Hakuwa anaogopa jela. Alikuwa anaogopa kile kiti cha mbao. Mama yake alikuwa amezeeka, macho yamefifia, na wiki nzima kwake ilikuwa njia tu ya kufikia Jumapili. Siku Ambilikile alipoondoka, kijana alijitokeza nusu mwili dirishani mwa basi la jeshi akapiga kelele stendi yote isikie: "Mke wangu! Usije ukaolewa! Nikirudi nikikuta mtu kwenye kiti changu tutafikishana kwa mwenyekiti wa kijiji!" Bibi Sekela akamrushia hindi la kuchemsha. "Nenda zako huko! Mume gani hajui hata kupasua kuni!" Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Siku hizi, kwenye simu, kijana alikuwa na adabu kama mchungaji mgeni. Zamani, kabla hajajua, Atuganile alimwambia mama yake kwamba jeshi limemkuza mtoto. "Ee," mama yake alijibu, "wamemkuza."

Simu ilipokatika, Bibi Sekela aliifuta kwa pindo la kitenge akairudisha kabatini.

"Hoja yako Jumanne ni saa ngapi?"

"Asubuhi, baada ya maswali."

"Utasema yote?"

"Nitasema yanayosemeka, mama."

"Haya," alisema bibi, akaenda kuangalia chungu jikoni.

*

Waziri wa Ulinzi, Hizza Kibwana, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtaabisha Atuganile. Adui mbaya hukurahisishia kazi. Huyu, Jumatatu mchana, alimmiminia chai mwenyewe ofisini kwake na kumsogezea sahani ya kashata.

"Keti, dada Atu. Umekonda."

"Wewe umenenepa, kaka. Vita vinakupenda."

Hizza akacheka kidogo, kisha akaacha. "Unakumbuka ukame ule?"

Nani angeusahau. Mito ya nyanda za juu ilikuwa imebaki mawe matupu, watu wakizika watoto kila siku, na nchi za Kaskazini, peke yazo duniani, zikaleta mitambo ya kuvuta maji hewani. Mtambo mmoja ulisimama mpaka leo nyuma ya shule ya Itete, ukinguruma na kudondosha. Miaka michache baadaye wafadhili hao walipovamiana na jirani zao, waliomba vijana. Nani angewanyima?

"Mimi ndiye nilipeleka kikosi cha kwanza," Hizza alisema. "Sijutii. Tulikuwa na deni la shukrani. Lakini sasa na mimi nimechoka. Nisikilize. Badili maneno ya hoja yako. Sema walio hai warudi wote. Nitaiunga mkono mwenyewe, nitasimama baada yako. Itapita."

Atuganile aliweka kikombe chini. Kwa miaka yote hakuwahi kusikia neno hilo kwa mtu wa Serikali.

"Na warithi?"

"Wabaki kazini. Mshirika hatakuwa na la kulalamika. Na Jumapili waendelee kupiga simu." Aliinamia meza, akashusha sauti. "Hakuna mama atakayelia, Atu. Wazee wetu watatangulia kwa amani, wanaamini wajukuu wako salama. Ubaya uko wapi hapo?"

"Mrithi hachakai?"

Hizza alitazama kashata. "Anachakaa. Baada ya miaka kadhaa huanza kurudia mambo, analenga alipolenga jana. Inabidi achanganywe na kichwa kipya."

"Kichwa kipya. Yaani kijana mpya."

"Wachache. Wa kujitolea."

"Kwa hiyo vita haviishi."

"Vinapungua," alisema Hizza, na usoni mwake kulikuwa na aibu ya kweli. "Mdogo wangu yuko huko. Ananipigia kila Jumapili. Najua ni nini, na bado napokea. Naoga kabisa, navaa shati safi. Wewe ukisimama kesho useme ulichokiona ghalani, utawaua wote siku moja kwa mdomo wako. Na mama yako atasikia redioni. Umefikiria hilo?"

Hakuna siku aliyokuwa hajalifikiria. Aliwaona vijana walio hai, maelfu yao, wakishuka kwenye mabasi. Aliiona simu juu ya kitambaa cha kufuma. Dhidi ya vyote hivyo alikuwa na nini? Wafu wasiozikwa, na vijana wachache wa kujitolea ambao bado hata majina hawana. Alimwomba Hizza ampe mpaka asubuhi. Wakati anashuka ngazi za wizara alikuwa ameshakubali nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa inamfuata nyuma kwa unyonge.

*

Asubuhi aliyabadili maneno ya hoja kwa mkono wake, akamjulisha Hizza kwa ujumbe, akayatia kwenye mkoba, akaenda bungeni. Getini alikuta askari wawili wamezingirwa na wanawake wazee waliovaa sare za kwaya ya Itete, kila mmoja ana kikapu, na wote wanaongea kwa pamoja. Basi dogo la kanisa lilikuwa limeegeshwa pale ambapo mabasi hayaruhusiwi. Katikati yao alisimama mama yake.

"Mama! Mmefikaje?"

"Kwa gari. Mwambie mwanajeshi huyu ndizi za kuchemsha si silaha."

Atuganile alimvuta pembeni, kwenye kivuli cha ukuta. Akatabasamu kwa nguvu. "Mama, leo ni mambo ya kanuni tu, mtasinzia bure. Niwatafutieni mahali mpumzike, jioni nije tule wote."

Bibi Sekela alishusha kikapu chini. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti:

"Atu, mume wangu alikufa lini?"

"Baba? Mama, si—"

"Baba yako nilimzika mwenyewe. Namuulizia mume wangu yule mdogo."

Atuganile aliegemea ukuta na suti yake nzuri ya bungeni.

"Niambie mwezi tu," mama yake alisema kwa upole. "Nataka kujua ilikuwa wakati wa nini shambani."

"Wakati wa kupanda maharage. Mwaka ule ule alioondoka."

"Ee. Nilihisi." Alifuta macho kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayefuta jasho. "Mimi nilijua kwenye simu ya tatu. Ya kwanza nilidhani mkubwa wake kasimama karibu, anaona haya. Ya pili nikasema labda kachoka. Ya tatu nikamchokoza. Nikamwambia, mume wangu, nimepata mchumba, ana trekta. Unajua alinijibu nini? 'Hongera bibi, Mungu awatangulie.'" Bibi Sekela alitikisa kichwa. "Ambilikile anipe hongera! Angerudi kwa miguu kutoka huko Kaskazini aje achome hilo trekta."

Atuganile alicheka. Kicheko kilimtoka na machozi kwa wakati mmoja, hata hakujua kipi kilitangulia. Sasa akakumbuka sentensi moja ya yule ofisa mchangamfu, aliyoipitisha masikioni bila kuitilia maanani: kwamba wataalamu wa Kaskazini walipitisha sauti zote kwenye chujio, wakaondoa kasoro, kwa mfano askari waliochanganya uhusiano wa kifamilia. Kijana anamwita bibi yake mke? Kwao ilikuwa hitilafu ya kumbukumbu. Wakaisahihisha kwa wote, kwa nia njema, wakampa kila mjukuu wa Shirikisho heshima ambayo hakuwa nayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe je, uliniambia? Nilikuwa nakuona umesimama mlangoni, chai haishuki. Nikasema, huyu ama hajui, ama anajikaza. Vyovyote iwavyo, ngoja nimwitikie mtoto huyu wa chuma, binti yangu asije akaanguka."

"Mimi nilidhani nakulinda wewe."

"Nilinde na nini, Atu? Nimezika mume, nimezika wanangu wawili. Msiba naujua. Nisichokijua ni hiki cha kukaa na maiti kwenye simu na kumuuliza habari za chakula."

Atuganile aligeuka akawatazama wale wazee getini. Mmoja alikuwa anamlisha askari ndizi. "Na hawa?"

"Hawa wote. Kila mmoja mume wake alipata adabu ghafla."

"Na mabinti zao? Mama za watoto?"

"Hawajui. Wangejuaje? Mama hataniwi na mwanawe. Kwenu nyinyi hakikuharibika kitu, heshima iko palepale." Bibi Sekela alimkamata mkono. "Watalia. Waache walie, sisi tutakuwepo. Ila usitufanye tuzeeke tumebana kilio. Kinauma hapa." Akajigonga kifuani.

Mbunge wa Itete alifungua mkoba, akatoa maneno yale mapya, akayakunja mpaka yakawa kidonge, akakosa mahali pa kuyatupa. Mama yake akayapokea akayatia kwenye kikapu cha ndizi.

*

Baada ya maswali, Spika alitambulisha wageni kama ilivyo desturi. Akina bibi wa kwaya ya Itete walisimama kwenye jukwaa la wageni wakapunga mikono, wabunge wakagonga meza, wakaketi. Kisha Atuganile akaitwa. Upande wa pili Hizza alimpa ishara ndogo ya kichwa, akionyesha kwamba yuko tayari kuunga mkono. Ilimuuma kumwona hivyo.

"Mheshimiwa Spika," alianza, "mwaka wa ukame niliweka mdomo kwenye bomba la mtambo wa Kaskazini nikanywa mpaka nikatapika. Kwa hiyo mtu asisimame hapa kuniambia sina shukrani. Tuliwashukuru. Tuliwapa vijana wetu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nauliza tu, aliyekupa maji, unampa watoto mpaka lini?"

Meza chache zikagongwa.

"Vimepakwa rangi vita hivi, Mheshimiwa Spika, vikapendeza. Havina jeneza. Havina matanga. Kila nikisimama, waheshimiwa wenzangu mnaniuliza nani amekufa. Leo nitajibu."

Hizza alishtuka akasimama. "Mheshimiwa Spika, taarifa!"

"Sipokei taarifa. Mwanangu Ambilikile amekufa. Alikufa wakati wa kupanda maharage, mwaka ule ule alioondoka. Jumapili iliyopita alinipigia simu akaniambia nisiwe na wasiwasi."

Spika aliwasha kipaza sauti chake polepole.

"Mheshimiwa, unakumbuka kiapo cha Kamati?"

"Nakikumbuka, Mheshimiwa Spika, na nitakwenda mtakakonipeleka. Lakini naomba nimalize."

Akawaeleza. Hakutumia maneno ya wataalamu. Alisema kuna kofia, kuna ghala, kuna mashine inayotembea bega limelala. Alisema sheria waliyoipitisha wenyewe, kwa kugonga meza, ndiyo iliyowakataza vijana wao kufa. Mbunge mmoja wa viti vya nyuma alipiga kelele, "Thibitisha!" na wengine wakaidaka, "Thibitisha! Thibitisha!"

"Nitathibitisha. Lakini kwanza nimalize lililonileta. Watu wa Kaskazini wanajua kupigana, hawajui kuacha, na sasa na sisi tumekuwa hivyo. Nchi ikiacha vita, huachishwa na kilio. Mama analia, jirani anasikia, mwenyekiti anasikia, mwisho mnasikia nyinyi humu ndani. Sisi tumeziba kilio. Tutajuaje kwamba imetosha? Na kuna lingine, naomba mnistahimili." Akanywa maji. "Mwanangu aliondoka anajua kubeba ndizi na kupiga gitaa vibaya. Tangu amekufa ameua watu ambao simjui hata mmoja wao. Ameua jana. Huenda anaua sasa hivi ninavyosema. Mama zao hawajui kwamba aliyewaua hayupo. Sitaki tena mwanangu afanyishwe hivyo. Namtaka apumzike."

Aligeukia wale wa viti vya nyuma.

"Mmeniambia nithibitishe. Nawaomba akina bibi walio humu ndani, wote ambao mjukuu wao amepiga simu kutoka vitani akasahau kuwatania, wasimame."

"Wageni hawashiriki mjadala," Spika alisema, ila hakusema kwa ukali.

"Hawatasema neno, Mheshimiwa Spika. Watasimama tu."

Bibi Sekela alisimama wa kwanza, akishikilia kikapu. Kisha kwaya yote. Watu walitazama juu, wengine wakaanza kunong'ona kwamba hao ni wageni wake, kawapanga. Ndipo upande wa kulia wa jukwaa akasimama mwanamke wa pwani aliyejifunga kanga, mgeni wa mbunge mwingine kabisa. Akasimama mwingine nyuma yake. Na chini, kwenye viti vya upande wa Serikali, Bi Mwanahija, mbunge mkongwe kuliko wote, ambaye tangu aingie bungeni hakuwahi kupinga hoja ya Serikali hata ya kubadilisha mapazia, alishika fimbo yake akanyanyuka taratibu. Hakumtazama mtu. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

Hizza alikuwa bado amesimama na taarifa yake mdomoni. Alimtazama Bi Mwanahija, akawatazama wale wa jukwaani, kisha akaketi, akajiziba uso kwa mikono miwili. Labda alikuwa anafikiria lile shati safi la Jumapili.

"Mheshimiwa Spika," Atuganile alisema, "naomba kutoa hoja: Shirikisho lijitoe vitani, walio hai warudi, warithi wazimwe."

Walipoulizwa wanaoafiki, ndiyo ilitoka pande zote mbili, nzito na isiyo na shangwe. Siyo zilikuwepo pia, nyingi, lakini zilisemwa kwa sauti ya watu wanaotazama viatu vyao. Spika alisema anafikiri waliosema ndiyo wameshinda. Mlangoni askari wa Bunge walikuwa wanamngoja Mbunge wa Itete kumpeleka kwenye Kamati ya Maadili, na mmoja wao akampokea mkoba kwa mikono miwili.

*

Jeshi lilitangaza kwamba warithi watazimwa wote, na laini itabaki wazi Jumapili moja ya mwisho. Familia nyingi zilizima simu zao siku hiyo. Nyingine zilizichaji tangu alfajiri. Nani awalaumu hawa au wale?

Nyumbani kwa Bibi Sekela simu iliwekwa palepale, kwenye bakuli la sukari. Safari hii Atuganile hakusimama mlangoni. Alivuta kigoda akakaa ubavuni mwa mama yake. Ubunge ulikuwa umesimamishwa, kesi ilikuwa inakuja, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa amekunywa chai yake ikaisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hujambo?"

"Sijambo bibi, namshukuru Mungu. Miguu inasumbua bado?"

"Haisumbui. Leo nataka kukuaga. Ni mara ya mwisho unapiga."

Simu ilinyamaza muda mrefu kuliko ilivyowahi kunyamaza. Kisha ile sauti, yenye mkwaruzo wake, ikauliza:

"Bibi, nimekosa nini?"

Ghalani walikuwa wameambiwa mrithi hana swali lake mwenyewe, ana majibu tu. Alimtazama mama yake, akaona mikono ya kizee inanyoosha kitambaa.

"Hukukosa kitu, baba," Bibi Sekela alisema. "Ulifundishwa adabu ikazidi, si kosa lako. Umenijulia hali ya miguu miaka yote hii. Ndaga, asante. Sasa lala."

"Lala, mwanangu," alisema Atuganile.

"Haya mama. Haya bibi. Msiwe na wasiwasi."

Laini ikakatika. Bibi Sekela aliifuta simu kwa pindo la kitenge, akaiacha mezani. Alitoka nje mpaka katikati ya uwanja, akaweka mikono kichwani, na kile kilio alichokibana tangu simu ya tatu kikamtoka. Atuganile alimfuata, akafungua mdomo, akadhani hakuna kitakachotoka, mara akajisikia analia kwa nguvu kama siku aliyomzaa. Ng'ambo ya bonde, ndani ya ukungu, nyumba nyingine ikaitikia. Kisha nyingine, chini karibu na shule. Kisha wakaacha kuhesabu.

Jirani wa kwanza kufika alikuwa Mzee Asangwile, na mzigo wa kuni begani. Hakuuliza nani amekufa. Aliubwaga karibu na jiko la nje, akajifuta jasho, akamtazama Bibi Sekela.

"Nimezipasua kabisa," alisema, "maana mume wako alikuwa hajui."

Bibi Sekela alicheka na kilio kikiwa bado mdomoni, akamshika mzee mkono, hakuuachia. Nyuma yake njia nzima ilikuwa imejaa watu wanapanda na masufuria, ndizi na mikeka.